Lori la Mbele Kabisa

Siku ile walimchoma mtu njia panda, na bandari zote mbili zilifungua mageti yao asubuhi kama kawaida.

Alikuwa dereva mgeni, wa nchi ya juu isiyo na bahari, ile ambayo mizigo yake ndiyo iliyotufanya tutafunane. Hakuwa na ugomvi na mtu. Tajiri wake alimwambia ukifika njia panda kata kulia, naye akakata kulia. Walimvuta kwa miguu, kisogo kikagonga kila kidato cha ngazi ya kabini, akaangukia lami bado ameshika funguo. Wa kwanza akampiga teke la taya. Wa pili akamrukia kifuani kwa viatu viwili. Dizeli haishiki moto upesi, kwa hiyo wakafyonza petroli kwenye pikipiki. Alipoanza kuwaka aliinuka, akakimbia, akaupiga ukuta wa duka la vipuri kwa uso, akaanguka. Watu wazima walisimama na vikombe vya chai mikononi wakitazama, na wengine wao leo wanajifanya walikuwa safarini.

Asiyepajua mahali petu aelewe hivi. Barabara kuu inatoka bara, inafika kwetu, inagawanyika. Ya kushoto inakwenda bandari ya zamani, ile iliyotulea. Ya kulia inapita korongoni, inapanda kilima na kuvuka mpaka hadi bandari mpya. Wafanyabiashara wa nchi ya juu hawana mapenzi na yeyote. Wanapeleka mzigo kunakotoka haraka. Kwetu boksi la mzigo lilikuwa likikaa bandarini mpaka linaota kutu. Kule wakaleta winchi ndefu, wakatangaza na reli itakayofika mpaka bandari kavu huko juu, na kabla reli haijaisha wakaajiri malori. Mizigo ikaanza kukata kulia.

Wakubwa wa bandari ya zamani hawakuja kupigana. Wakubwa hawapigani. Walimtuma ofisa mmoja mwenye viatu vya kung'aa kwenye karakana ya Fundi Tairi. Akakalia tairi bovu, akavua miwani akaifuta, akasema, "Barabara ya kulia ikinenepa, ya kushoto inakufa, na nyinyi mnakufa nayo. Mimi sisemi kitu. Nawaeleza tu hali." Akaondoka. Hakusema choma. Lakini wiki ile ile ilizaliwa Kamati ya Barabara, na petroli ikawa haiishi.

Wakubwa wa bandari mpya nao hawakuja. Waliajiri wanajeshi wastaafu, wakawaita walinzi wa msafara, wakawapa marungu ya mpira yenye chuma ndani. Kiongozi wao aliitwa Afande. Walimkamata mchomeleaji wetu pale mizani, wakamwekea mikono juu ya bampa, wakaivunja yote miwili kwenye viwiko, huku Afande akimwambia kwa upole kabisa, "Pole, fundi. Pumzika kidogo kuchomelea."

Wanadhani tunasahau. Zamani palikuwa na reli hapa, reli ya kweli, na wazee wetu walikuwa watu wa reli. Matajiri wa malori walipotaka mizigo, waliwalipia vijana chakula na pombe waende wakang'oe mataruma. Mmoja wa wafanyakazi wa reli aliyesimama kuyalinda alipigwa spana ya magurudumu kichwani, akaishi miaka iliyobaki akiongea kama mtu anayetafuna nyama. Mzee huyo alikuwa na wana wawili. Wote wawili wakawa madereva wa malori. Wangekuwa nini kingine? Reli ilikuwa imeshauzwa chuma chakavu.

Mkubwa tulimwita Kifua, kwa sababu kifua chake kilitangulia kuingia mlangoni, yeye akafuata baadaye. Mdogo tulimwita Redio. Huyo alikuwa hanyamazi hata usingizini. Kifua ndiye aliyemlea baada ya baba yao kuharibika, ndiye aliyempa usukani, ndiye aliyemchapa makofi siku alipopitiwa na usingizi mteremkoni. Kisha Redio akahamia bandari mpya, na Kifua akajiunga na Kamati. Kifua hakuwa malaika. Alipasua matairi ya watu. Alimvunja mtu pua kwa kichwa. Siku ya yule mgeni alikuwepo, na hakuleta maji.

Asubuhi iliyofuata Fundi Tairi alimvuta nyuma ya rundo la mipira.

"Bwana Kifua, umesikia msafara unapita kesho?"

"Nimesikia."

"Na umesikia la mbele ni la nani?"

Kifua akamsogelea.

"La Redio," Fundi Tairi akasema, akajifanya anatafuta pampu.

Kamati ilikutana pale pale karakanani, mlango umeshushwa nusu. Mwenyekiti alikuwa mtu mdogo, utingo wa zamani, mwenye sauti ya chini na kijiti mdomoni. Kifua hakuketi.

"La mbele lisichomwe," akasema.

"La mbele linachomwa," Mwenyekiti akajibu. "La mbele likiungua, ya nyuma yanageuka yenyewe. Tulipiga kura, na mkono wako niliuona. Mkono kama ule hauwezi kufichika."

"Sikujua ni mdogo wangu."

"Aaa. Kwa hiyo mdogo wa mwenzako achomwe, wako afunguliwe soda?"

Wakacheka. Kifua akamshika aliyekuwa karibu, akamnyanyua kwa kola hadi miguu ikaning'inia, akamtua taratibu. Kicheko kikaisha.

"Mnataka nini?" akasema. "Mnataka barabara ya kulia ifungwe, na wafanyabiashara wa juu waone kuwa mzigo wa kule haufiki. Basi. Mimi nitaliangusha boksi lake pale kona ya korongo. Boksi likilala katikati ya barabara, hakuna winchi ya kuliinua huku, msafara mzima unakwama, dunia nzima inapiga picha. Na hakuna mtu wa kuchomwa."

Mwenyekiti akahamisha kijiti upande wa pili. Alielewa. Kila mtu mle ndani alielewa.

Boksi, yaani kontena, linakaa juu ya tela kwa loki za chuma kwenye pembe zake. Ukizigeuza, boksi na tela vinakuwa kitu kimoja. Sheria inasema zigeuzwe. Sisi wa barabara hii hatuzigeuzi. Ukitoka getini na ofisa akigeuza uso, unashuka, unazifungua zote, unaendelea na safari. Maana boksi likiinama konani nalo limefungwa, linakuvuta wewe, kabini yako na watoto wako. Lakini likiwa huru linateleza peke yake, linaanguka na mali ya tajiri, na wewe unabaki umekaa kwenye kiti unatetemeka. Polisi wanajua. Wenye malori wanajua na wanatutukana. Kila dereva aliyefunzwa njia hii alifunzwa hivyo kabla hajafunzwa kurudi kinyumenyume, na Redio alifunzwa na Kifua.

"Na lisipoanguka?" Mwenyekiti akauliza.

"Litaanguka. Nimemfundisha mimi."

"Nimekuuliza lisipoanguka."

Kifua akageukia mlango ulioshushwa nusu.

"Petroli itakuwepo," Mwenyekiti akasema. "Boksi likienda chini, hatumgusi mdogo wako, nitamwita ndugu yangu, nimnunulie chai. Likibaki juu, mimi sikujui na wewe hunijui."

Jioni Kifua alikaa sebuleni kwake na simu mapajani. Chumba kilikuwa na kochi moja lililochanika mkono, meza yenye kitambaa cha plastiki, na mama yake mzazi akichambua maharage kwenye ungo. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono kifuani. Alikuwa ameshaambiwa.

"Mpigie umwambie ukweli," akasema.

"Nikimwambia ukweli, kesho Afande anao. Yule ni Redio, mke wangu. Siri kwake ni kama maji kwenye chujio."

"Basi mwambie asije."

Akapiga. Akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Kaka! Leo umekosea namba?" Redio akapaza sauti. Nyuma yake zilisikika winchi na honi. "Niko kwenye foleni ya kupakia. Kaka, huku foleni inatembea! Siyo kwenu kule, mtu anaota mvi kwenye usukani!"

"Kesho usije."

"Nisije vipi? Mimi ndiye wa mbele! Afande amenichagua mwenyewe, anasema kona zote nazijua. Na reli ikianza wananipeleka bandari kavu, kaka, naendesha winchi. Nakaa juu kwenye kiti cha kuzunguka kama waziri."

"Sema unaumwa."

Redio akapunguza sauti. "Yuko mmoja alisema anaumwa. Walimtibu kwa rungu. Wakasema amepewa habari na ndugu zake wa huko kwenu. Na huku wote wanajua mimi ni mdogo wa nani. Siwezi, kaka."

Mama yao akanyoosha mkono akachukua simu. "Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama. Wali wa kantini, mgumu kama changarawe."

"Baba yenu alipigwa na watu wa malori akitetea reli," mama akasema. "Sasa nyinyi ndio watu wa malori, na reli inakuja kuwapiga. Halafu mnapigana wenyewe kwanza ili isipate taabu. Nilizaa nini mimi?"

"Mama, usianze."

Kifua akaichukua simu. "Sikiliza. Ukifika ile kona ya korongo, teremka na gia ya chini kabisa. Polepole kama unabeba mayai."

"Kuna nini pale?"

"Mvua imekula ukingo."

"Sawa, mwalimu."

Akakata. Hakuuliza habari za loki. Angeanzaje? Ni kama umuulize mtu mzima kama huwa anavua viatu kabla ya kulala.

Kesho yake wanakamati walifika konani mapema, wakapanga mawe upande wa ndani wa kona, wakayafukia kwa udongo mwekundu mpaka yakafanana na maporomoko ya mvua. Kifua aliyapanga mwenyewe. Gurudumu la tela likipanda pale, upande mmoja unainuka, boksi linateleza upande wa pili, linalala barabarani ukingoni mwa bonde dogo, na lori linabaki limesimama. Alilala kifudifudi akayapima kwa jicho kama fundi wa meza. Alitoa jiwe moja lililozidi, akalitupa. Hakutaka tela liinuke kupita kiasi. Wanakamati wengine walijificha vichakani juu ya ukingo, na Mwenyekiti alikuwa na madumu.

Gari dogo la walinzi lilitangulia, likaukwepa udongo, likapita. Kisha likaja lori la Redio, gia ya chini, polepole kama linabeba mayai. Kifua alimwona mdogo wake kupitia kioo. Alikuwa akiimba.

Magurudumu ya nyuma yakapanda mawe. Tela likainuka upande mmoja. Boksi likainama.

Halikuteleza.

Tela likaendelea kuinuka pamoja na boksi, kama meza iliyopigiliwa misumari na sahani zake. Kifua akaruka kutoka kichakani. "Achia!" akapiga kelele, na hakuwa akimwambia mtu, alikuwa akiliambia boksi. "Achia! Achia we!" Chuma kikalia. Magurudumu yakatoka chini. Tela zima likajipindua, likaikamata kabini shingoni, likaigeuza nalo, na vyote vikaenda bondeni kwa mlio uliotikisa udongo chini ya miguu yetu. Vioo vikamwagika. Gurudumu moja likabaki likizunguka juu.

Kifua alishuka bonde kwa matako na viganja, akichubuka. Kabini ilikuwa imelala ubavu, paa limeingia ndani. Redio alikuwa hai. Uso wake ulikuwa mwekundu wote na jicho moja halikuonekana. Usukani ulikuwa umemkandamiza paja, na mguu wake chini ya hapo ulielekea upande ambao miguu haielekei.

"Kaka," akasema. "Barabara yenu mbovu."

"Loki!" Kifua alikuwa akilia na kufoka kwa pamoja. "Mbona hukufungua loki?"

"Zinafungwa getini, kaka. Wana ufunguo wao. Dereva haruhusiwi hata kuzigusa."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Kifua akapiga bati la mlango kwa ngumi mpaka vifundo vikapasuka. Kisha akaacha, akapaza sauti juu. "Jeki! Nileteeni jeki! Fundi!"

Na Fundi Tairi, ambaye maisha yake yote aliogopa hata paka, akashuka bonde na jeki kubwa ya mafuta begani, akaiweka, akamtazama Redio, akatapika, akarudi juu akikimbia. Hatukumwona tena mpaka msibani.

Kifua akaichomeka jeki kati ya mlango na usukani, akaanza kupampu. Chuma kikasogea kwa upana wa ukucha. Redio akapiga yowe.

"Piga kelele," Kifua akamwambia. "Endelea. Usinyamaze. Lini umewahi kunyamaza wewe?"

Juu yao Mwenyekiti alitoka kichakani. "Boksi halikuziba barabara," akasema kwa sauti yake ya chini, akaashiria madumu.

"Mwenyekiti, mtu yumo ndani!" mmoja wetu akasema.

"Ndiyo maana ya petroli."

Wakaanza kushuka. Wakati huohuo malori ya nyuma yalikuwa yamesimama kilimani, gari la walinzi limegeuka, na Afande na watu wake wakateremka upande wa pili na marungu. Pande mbili zikakutana bondeni, na lori katikati. Mlinzi mmoja akampiga mwanakamati mdomoni, meno yakatoka na maneno aliyokuwa akisema. Mwanakamati mwingine akamchoma mlinzi bisibisi shingoni. Dumu likapasuka, petroli ikateremka juu ya boksi ikinukia, ikaingia kwenye majani. Hapakuwa na bandari tena pale. Palikuwa na watu wanaokoroma, wanaovutana nywele na kung'atana vidole.

Afande akamwona mtu mkubwa ameinama juu ya dereva wake na chuma mkononi. Hakuuliza. Alimpiga rungu kisogoni.

Kifua akapampu.

Akampiga tena, begani, mfupa ukalia. Kifua akahamishia jeki mkono mwingine, akapampu.

"Ni kaka yangu!" Redio akalia. "Afande, ananitoa! Ni kaka yangu!"

"Ndiyo," Afande akasema huku akihema. "Najua ni kaka yako." Akapiga tena.

Mwenyekiti naye akafika upande wa pili na nondo. Aliona mtu wa Kamati anamwokoa dereva wa adui. "Nilikwambia hunijui," akasema, akamshindilia mbavuni. Kwa muda kidogo, na hili walioliona hawalisahau, Afande na Mwenyekiti walikuwa wakimpiga mtu mmoja, huyu huku na yule kule, kwa zamu, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, wala hawakugusana wao kwa wao. Na Kifua hakuinua mkono kujikinga, kwa sababu mkono ulikuwa kwenye jeki.

Usukani ukaachia. Mahali fulani majani yakashika moto, hakuna aliyekubali kuwa ni yeye, na mwali ukaja ukikimbia juu ya petroli. Wapigaji wakaruka nyuma. Kifua akamkumbatia Redio kwapani, akamvuta, mguu ukabaki umeshikwa na kitu, akavuta tena, akavuta kama anang'oa mti, na wakatoka wote wawili wakiburuzika mpaka kwenye mtaro wa maji. Nyuma yao kabini ikalipuka. Kifua akamlalia mdogo wake kwa kifua chake chote. Cheche zikamwangukia mgongoni, na Afande na Mwenyekiti wakaja wakamalizia kazi yao pale pale, mmoja akidhani anaipiga Kamati, mwingine akidhani anampiga msaliti.

Redio alipovutwa kutoka chini yake alikuwa bado anaongea. Kifua alikuwa ameshakufa.

Hospitali walimkata Redio mguu juu ya goti. Walimruhusu aje kuzika.

Msiba ulikuwa kwenye uwanja wa nyumba yao, viti vya kuazima, turubai, kipaza sauti cha kuazima. Watu wa njia panda walijaa mpaka barabarani. Kabla jeneza halijatolewa, gari la bandari ya zamani likafika. Akashuka yule ofisa wa viatu vya kung'aa, Mwenyekiti akimfuata na shati jeupe, na vijana wakatandaza kitambaa kirefu kilichoandikwa SHUJAA WA BANDARI YETU. Hawajamaliza kukifunga, likafika gari la bandari mpya. Akashuka mama mmoja wa suti, meneja wa mahusiano, na Afande nyuma yake amevaa miwani ya jua, na shada la maua lenye utepe: ALIKUFA AKIOKOA DEREVA WETU. Waandishi wa habari walikuja na magari yote mawili.

Ofisa akamwinamia Mama Pacha. "Pole sana, mama. Tumempoteza nguzo. Walinzi wa wale watu ni wanyama."

"Ulimjua mume wangu?" Mama Pacha akauliza.

"Sana. Mtu wetu kabisa."

"Aliitwa nani?"

Ofisa akageuka kutazama kitambaa. Kiliandikwa shujaa tu.

Meneja wa suti akasogea upande wa pili. "Mama, wahuni wa Kamati wamekufanya mjane. Sisi kampuni tutasimama na wewe."

"Simama mbali na mimi," Mama Pacha akasema. "Marashi yako yananitia kichefuchefu."

Wote wawili walitaka kitu kimoja. Walitaka Redio aseme mbele ya waandishi nani alimuua. Ofisa alimnong'oneza sikio la kushoto habari ya matibabu. Meneja alimnong'oneza la kulia habari ya kiti cha winchi bandari kavu, kwamba wangemtengenezea cha mtu wa mguu mmoja. Redio alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, paja limefungwa bandeji, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa kimya. Mama yao alikuwa nyuma yake, mkono begani kwake. Yeye hakuwatazama hata mmoja.

"Nipeni kipaza sauti," Redio akasema.

Akapewa. 

"Mimi nilikuwa chini yake," akasema. "Kila pigo lililomwingia kaka lilipita likanifikia. Ya rungu nayajua, yanadunda. Ya nondo nayajua, yanachimba. Mnataka nitaje mmoja? Sitaji mmoja. Mwenye rungu yule pale, amevaa miwani nyeusi. Mwenye nondo yule pale, amevaa shati jeupe amekuja kula msiba. Na waliowatuma ndio hawa wawili walionishika masikio sasa hivi!"

Uwanja ukanguruma.

Mchomeleaji mwenye mikono iliyovunjika alikuwa wa kwanza. Alimpiga Afande kwa kiwiko usoni, plasta na yote. Miwani ikavunjikia ndani ya jicho. Afande akaenda kiunoni kutafuta bastola, wanawake wanne wakamwangukia mkono, mmoja akaung'ata mpaka bastola ikaanguka mchangani. Fundi Tairi, yule yule aliyeogopa paka, alimpiga Mwenyekiti kiti kichwani, kiti kikavunjika, akaendelea kumpiga kwa mguu wa kiti. "Petroli!" alikuwa akilia. "Petroli, eh? Petroli!" Turubai likaanguka juu ya watu, na chini yake vitu vilikuwa vikiruka kama samaki kwenye wavu.

Gari la bandari ya zamani lilikuwa limezibwa na umati. Ofisa alikimbia huku na huko, kiatu kimoja kimemtoka. Meneja wa bandari mpya alikuwa ameshaingia kwenye lake. Akamfungulia mlango.

"Ingia, ndugu yangu!" akapiga kelele. "Ingia haraka!"

Ofisa akaingia, akamkalia mapajani, mlango haujafungwa, dereva akakanyaga mafuta.

Redio aliliona. Katika uwanja mzima ni yeye peke yake aliyekuwa akitazama upande ule. "Gari!" akasema kwenye kipaza sauti. "Waacheni hao! Gari! Shikeni gari!"

Sauti yake ilisikika mpaka njia panda, lakini hapakuwa na aliyegeuka. Walikuwa wamezunguka duara mbili, na katikati ya kila duara kulikuwa na mtu chini, na kila mtu alitaka kufika katikati. Mama Pacha mwenyewe alikuwa huko, na khanga yake imelowa damu.

"Gari, jamani! Wanaondoka wote wawili! Gari!"

Akajitupa kutoka kwenye kiti. Akaanza kutambaa kuelekea barabarani kwa viwiko, bandeji ikiburuzika na kulowa nyekundu, kipaza sauti mdomoni, akiita, mpaka waya ukaisha urefu, ukang'oka ukutani, na sauti ikakatika.